Neno “Abridge” na Maana ya Kufupisha

Maneno, kama watu, yana nasaba. Na kama ilivyo kwa watu, yako yanayoijua nasaba yao na yako yaliyoisahau. Neno la Kiingereza “abridge” ni katika yale yaliyosahau. Mwanafunzi akiuliza maana yake huambiwa ni kufupisha, naye akishapata jawabu hilo huona kazi imekwisha. Kitabu kilikuwa kirefu, sasa ni kifupi. Kuna nini tena cha kuuliza? Walakini neno hili limebeba mambo mawili yasiyofanana, na Kiswahili hakiyaweki katika chombo kimoja. Jambo la kwanza ni kukipunguza kitu ili mtu akifikie upesi. La pili ni kukipunguza kitu ili mtu asikipate chote. Makala haya yanakusudia kuonyesha tofauti ya mambo hayo mawili, kwanza katika asili ya maneno, kisha katika kisa kimoja cha fasihi ya Kiswahili kilichoanza mwaka 1867.

Suala hili si la wanazuoni peke yao. Lundo ni kijiji cha mwambao wa Ziwa Nyasa, katika nchi ambayo kwa miaka mingi ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga, mpaka wilaya hiyo ilipogawanywa mwaka 2012 ikapatikana Wilaya ya Nyasa. Mtoto wa mwambao huo hukua katikati ya lugha nyingi: Kimpoto, Kimanda na Kinyasa ufukoni, Kimatengo milimani, Kinyanja kwa jirani wa ng’ambo ya maji, Kiswahili kila mahali, na Kiingereza darasani. Akifika sekondari hutakiwa katika somo la Kiswahili aifupishe habari kwa idadi ya maneno aliyopangiwa. Na katika somo la Kiingereza vitabu mashuhuri aghalabu humfikia vikiwa vimekwisha kufupishwa. Kwa mwanafunzi anayekaa karibu na maktaba kubwa, kitabu kilichofupishwa ni mlango: akipenda ataingia ndani kukitafuta kile kizima. Kwa mwanafunzi wa mbali, kitabu kilichofupishwa ndicho kitabu. Kilichokatwa humo, kwake ni kama hakikupata kuandikwa. Basi yeye hutegemea uaminifu wa mfupishaji kuliko msomaji mwingine yeyote, na kwa ajili yake yafaa kuuliza kufupisha ni nini.

Neno “abridge” liliingia katika Kiingereza katika karne ya 14 kutoka Kifaransa cha kale, nacho Kifaransa kililirithi kutoka Kilatini, ambamo “abbreviare” ni kufanya fupi, na “brevis” ni fupi. Karne moja baadaye Waingereza walilichukua neno lile lile mara ya pili, safari hii moja kwa moja kutoka katika vitabu vya Kilatini, wakapata “abbreviate”. Hayo ni mapacha waliolelewa katika nyumba mbili. Yule aliyepita katika vinywa vya Wafaransa alibadilika sura. Yule aliyetoka vitabuni alibaki na sura ya mzazi wake. Kiingereza kikawagawia kazi: “abbreviate” akapewa maneno na herufi, na “abridge” akapewa vitabu, hotuba na haki. Ndugu zao wengine wametawanyika mbali. Kitabu cha sala ambacho mapadri wa Kilatini hukichukua safarini huitwa kwa jina la ukoo huo, kwa sababu kiliikusanya ibada ndefu katika kitabu kimoja. Na Wajerumani, waliotawala mwambao wa Nyasa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, huiita barua “Brief”, yaani andiko fupi.

Sikio la Mwingereza wa leo likisikia “abridge” husikia ndani yake “bridge”, yaani daraja. Hilo ni kosa. “Bridge” ni neno la asili ya Kigermaniki, na halina udugu wowote na ukoo wa “brevis”. Kosa la namna hiyo limelipata pia neno jingine la kufupisha, “curtail”. Mwanzo wake ni jina la farasi aliyekatwa mkia, lililotoka Kifaransa, na shina lake ni neno la Kilatini lenye maana ya kilichokatwa. Waingereza walisikia mwishoni mwake sauti iliyofanana na neno lao la mkia, wakabadilisha hata maandishi yake yalingane na walichosikia. Na hata neno lao la kawaida la ufupi, “short”, wanaisimu hulirudisha katika shina la kale lenye maana ya kukata, shina lile lile lililozaa majina ya shati na sketi katika lugha hiyo, nguo zilizokatwa. Kwa hiyo, ukiacha “abridge” na pacha wake, ufupi wa Kiingereza unanukia kisu. Kifupi ni kilichokatwa.

Kutoka katika Kiingereza cha kawaida “abridge” lilipanda likaingia katika sheria, na huko ndiko uso wake wa pili ulikojitokeza. Mapema katika karne ya 16 mwanasheria Anthony Fitzherbert alitoa kitabu kikubwa cha hukumu za mahakama za Uingereza, akakiita kwa jina la ufupisho. Kazi yake haikuwa kupunguza haki ya mtu, bali kuzikusanya kesi zilizotapakaa katika vitabu vya miaka mingi na kuziweka mahali pamoja, ili hakimu na wakili wazipate bila kuhangaika. Lakini neno hilo hilo limo katika nyongeza ya kwanza ya Katiba ya Marekani, iliyothibitishwa mwaka 1791, na tena katika nyongeza ya 14 ya mwaka 1868, na humo maana yake ni kupunguza haki na uhuru wa raia. Bunge la nchi hiyo limekatazwa kuufanyia uhuru wa kusema kile ambacho Fitzherbert alikifanyia kesi zake, na neno la matendo hayo mawili ni moja.

Mfasiri wa Kiswahili akifika hapo hukwama, na kukwama kwake kuna faida. Hawezi kusema kwamba serikali “imefupisha uhuru wa raia”. Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini haisemwi. Waswahili husema uhuru umebanwa, umeminywa, au umepunguzwa. Kufupisha hakuwi dhuluma katika Kiswahili. Hotuba hufupishwa, nguo hufupishwa, safari hufupishwa, na katika yote hayo yule anayefupishiwa hutazamiwa kushukuru. Kwa nini lugha hii isiliruhusu neno lake la ufupi kufanya kazi ya kisu? Jawabu limo katika nasaba ya neno lenyewe.

Shina la “-fupi” ni la Kibantu, na ni la kale sana. Kikuyu kina “-kuhi” kwa maana hiyo hiyo, na tofauti ya sauti inaelezeka: mahali ambapo Kikuyu kimehifadhi “k” ya kale mbele ya irabu “u”, Kiswahili na Kinyanja hutamka “f”. Ndivyo ilivyo pia katika neno la kufa, ambalo kwa Kikuyu lina “k” pale ambapo Kiswahili kina “f”. Sasa, Kikuyu kikiweka kiambishi cha mahali mbele ya shina hilo hupata “hakuhi”, na maana yake si mahali pafupi tu, bali ni karibu. Kinyanja hufanya vivyo hivyo: “pafupi” kwa Kinyanja ni karibu. Mvuvi wa upande wa Nyasa anayezungumza na mwenzake wa ng’ambo akiambiwa kwamba kisiwa kiko “pafupi” huelewa bila mkalimani, kwa kuwa hata Kiswahili, ingawa kimelipokea neno “karibu” kutoka Kiarabu, bado husema “si mbali, ni pafupi”. Kwa wasemaji wa lugha hizi, basi, ufupi ni ujirani. Kifupi si kilichokatwa, ni kilichosogea.

Haina maana kwamba Wabantu hawakujua kisu. Kinyanja hicho hicho, kikitaka kusema “kwa ufupi”, kina neno “mwachidule”, lenye shina la “kudula”, na kudula ni kukata. Kiswahili nacho kina “njia ya mkato”, na alama ya mkato katika maandishi. Lakini lugha hizi zimeyaweka mambo hayo katika maneno mbalimbali, ili msemaji achague. Mwenye mtumbwi anayekata ghuba badala ya kuifuata pwani yake amefanya yote mawili: ameikata njia, na amefika karibu. Swali la kumuuliza ni moja tu: je, alikuwa na haja na kijiji chochote kilichoko katika mzingo wa ghuba ile? Kama alikuwa na mzigo wa kushusha huko, njia yake haikuwa fupi. Ilikuwa pungufu.

Neno la pili la Kiswahili katika jambo hili ni “muhtasari”, nalo limetoka Kiarabu, “mukhtasar”. Leo lina kazi tatu: ni kiini cha maelezo marefu, ni kumbukumbu za mkutano, na ni mpango wa mafunzo ya somo shuleni. Shina lake katika Kiarabu limo pia katika neno la kiuno, sehemu ya mwili iliyo nyembamba lakini inayoshikanisha juu na chini. Na wanakamusi wa Kiarabu, walipoeleza maana ya kuifanyia njia ikhtisari, walisema ni kupita katika ile iliyo karibu zaidi. Hivyo Kiarabu na Kibantu, lugha mbili zisizo na ukoo mmoja, zimekutana katika Kiswahili zikiwa na wazo moja: mwenye kufupisha husogeza.

Wazo hilo halikubaki katika kamusi. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yenye wafuasi wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, elimu ya sheria kwa karne nyingi imepita katika vitabu vilivyofupishwa. Minhaji ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ni ufupisho wa kitabu cha Rafii kilichotangulia. Kitabu kidogo cha Abu Shujaa, ambacho wanafunzi wengi hukianza mapema, kina katika jina lake neno “taqrib”, yaani kusogeza karibu, na kila Mswahili atalitambua shina lake, kwa kuwa ndilo analotumia kumkaribishia mgeni. Lakini kitabu hicho hakisomwi peke yake. Ibn Qasim al-Ghazzi alikiandikia sherehe, na baada ya sherehe akaja mwalimu, na mbele ya mwalimu akakaa mwanafunzi akiuliza. Ufupisho ulikuwa mwanzo wa mazungumzo. Haukudai kwamba kilichosalia hakina maana. Ulidai tu kwamba mwanafunzi aanzie hapo.

Hata hivyo Ibn Khaldun, katika utangulizi mashuhuri wa historia aliouandika mwaka 1377, aliulaumu wingi wa vitabu vya namna hiyo, akasema vinadhuru mafunzo. Hoja yake ni nzito. Mfupishaji hubana maana nyingi katika maneno machache, na mwanafunzi mchanga, ambaye ndiye aliyekusudiwa kusaidiwa, hukabidhiwa kazi ngumu kuliko ile ya kusoma kitabu kirefu: hana budi kufumbua mafundo kabla hajajua kamba inakwenda wapi. Yaani kitabu kilichokusudiwa kusogeza chaweza kuweka mbali. Idadi ya kurasa haitoshi kuwa kipimo, wala nia njema ya mwandishi. Kipimo ni pale anapofika msomaji.

Mahakama za Uingereza nazo zilitafuta kipimo. Mwaka 1740, katika kesi ya Gyles na Wilcox, Jaji Hardwicke alitakiwa kuamua kama kitabu kilichofupishwa kimeiba kile kilichofupishwa. Alitenga mambo mawili. Kitabu kilichopunguzwa hapa na pale kwa hila tu, ili kionekane kipya, ni wizi. Lakini ufupisho wa haki, ambao mwandishi wake ametia humo kazi yake, ubunifu wake na elimu yake, ni kitabu kipya. Kesi hiyo ilihusu mali ya mchapishaji, wala haikuuliza habari za msomaji. Lakini neno lake lafaa kushikwa: kufupisha kwa haki ni kazi, na mwenye kuifanya ana jukumu la mwandishi. Hawezi kujificha nyuma ya aliyemfupisha.

Sasa yafaa kugeukia kisa chenyewe. Mwaka 1807 kilitoka London kitabu cha hadithi 20 zilizotolewa katika tamthilia za Shakespeare na kufupishwa kwa nathari kwa ajili ya vijana. Jina lililochapwa katika jalada la ndani lilikuwa moja, la Charles Lamb. Kumbe sehemu kubwa ya kazi, hadithi 14, iliandikwa na dada yake, Mary Lamb. Charles aliandika tanzia sita. Hivyo kitabu cha ufupisho kilianza kwa kumfupisha mwandishi wake. Miaka 60 baadaye Edward Steere, mmisionari wa chama kilichojulikana kwa herufi UMCA, ambaye baadaye alikuwa askofu, alizifasiri hadithi nne za kitabu hicho kwa Kiswahili akazipiga chapa Unguja mwaka 1867 kwa jina la Hadithi za Kiingereza. Miongoni mwazo ilikuwamo ile ya mfanyabiashara wa Venisi, ambayo mwandishi wake katika ufupisho wa Kiingereza ni Mary, na ile ya Mfalme Lear, ambayo ni ya Charles.

Chama hicho ndicho kilichotia nanga baadaye katika Ziwa Nyasa, kikafanya makao yake makuu katika kisiwa cha Likoma, na kujenga makanisa na shule katika mwambao wa mashariki. William Percival Johnson, aliyefasiri Biblia kwa Kinyanja, aliumaliza uhai wake Liuli mwaka 1928, katika mwambao huo huo wa Lundo. Elimu ya mwambao huu, basi, na Kiswahili cha vitabu vya Steere, vimetoka katika nyumba moja. Ndiyo maana kisa cha hadithi zile si cha Unguja peke yake.

Mfalme Lear wa Charles Lamb ameondolewa karibu habari yote ya Gloucester, baba wa pili katika tamthilia, anayeng’olewa macho kwa kumwamini mwana asiyestahili. Hilo ni pengo kubwa, kwa kuwa Shakespeare aliwaweka wazee wawili ili kosa la mmoja limulike kosa la mwingine. Lakini msomaji anayeisoma hadithi fupi bado anakutana na mzee aliyegawa ufalme wake, akafukuzwa na mabinti aliowapa, akatembea katika dhoruba na mchekeshaji wake. Kilichobaki kinasema kweli juu ya kilichoondoka. Msomaji huyo akikipata kitabu kizima siku moja ataona nyumba aliyoijua imeongezwa vyumba. Huo ni ufupisho kwa maana ya kusogeza.

Hadithi ya Venisi haikubahatika hivyo. Mary Lamb aliacha habari za masanduku matatu ambayo kwayo wachumba wa Portia walijaribiwa, na kwa hilo hakuna wa kumlaumu sana, kwa kuwa ni kisa kinachoweza kusimama peke yake. Aliyabakiza pia malalamiko ya Shylock kwamba Antonio alizoea kumwita mbwa na kumtemea mate. Lakini ile hotuba ya tendo la tatu, ambamo Shylock anauliza kama Myahudi hana viungo na hisia kama za watu wengine, na kama kisasi chake hakikufunzwa na wale wanaomlaumu, haimo. Na badala yake msimulizi anatangulia kumwambia msomaji, mwanzoni kabisa, kwamba mkopeshaji huyu ana moyo mgumu na anachukiwa na watu wote wema. Katika tamthilia hakuna msimulizi wa kutoa hukumu hiyo. Kila mtu husema kwa kinywa chake, na mtazamaji ndiye hakimu. Katika ufupisho hakimu amekwisha kuhukumu, na utetezi wa mshtakiwa umetolewa katika jalada la kesi.

Hapo ndipo ufupisho ulipoacha kusogeza ukawa kisu. Wala si kwa sababu ya urefu wa hotuba, kwa kuwa hotuba yenyewe ni fupi; ingalitosha aya moja. Imeondoka kwa sababu ilitatiza. Hadithi ya watoto ilitaka mwovu mmoja aliye wazi, na hotuba ile inamfanya mwovu awe mtu. Na kwa kuwa Steere alifasiri kutoka ufupisho huo, msomaji wa Kiswahili aliyeijua hadithi kwa njia hiyo alipokea hukumu bila utetezi, tena bila kujua kwamba utetezi ulikuwapo. Katika pwani na bara ambako watu walikuwa wakinunuliwa na kuuzwa, na ambako muda mfupi baadaye wageni wengine wangekuja kutawala, lile swali la mtu anayedharauliwa kwa kabila lake lingaliweza kusikika kwa sauti kubwa sana. Halikusikika.

Mwaka 1969 Julius Nyerere, aliyekuwa Rais wa Tanzania, alitoa fasiri ya tamthilia hiyo hiyo kwa Kiswahili, Mabepari wa Venisi, baada ya fasiri yake ya Julius Caesar ya mwaka 1963. Hakupitia hadithi za akina Lamb. Alifasiri tamthilia yenyewe, kwa matendo na maonyesho yake, na masanduku yakarudi, na hotuba ya Shylock ikarudi mahali pake. Wahakiki wengi wamelitazama jina alilolichagua, ambalo limemgeuza mfanyabiashara mmoja kuwa mabepari wengi, na hapana shaka jina hilo ni hukumu pia. Lakini ni hukumu ya namna nyingine. Mwenye kuongeza hukumu yake juu ya mlango, akaiacha nyumba nzima ndani, amempa msomaji uwezo wa kumpinga. Msomaji wa Mabepari wa Venisi aweza kusema kwamba jina halikuitendea haki tamthilia, kwa kuwa tamthilia anayo mkononi. Msomaji wa ufupisho wa 1867 hakuwa na cha kumpingia mtu.

Haitakuwa haki, walakini, kumlaumu Steere kana kwamba alikuwa na njia mbili mbele yake akachagua mbaya. Alikuwa mgeni katika lugha aliyokuwa akijifunza; sarufi yake na hadithi za Waswahili alizozikusanya zilitoka mwaka 1870, miaka mitatu baadaye. Kufasiri tamthilia nzima wakati huo lingekuwa jambo lisilowezekana. Ufupisho wake ulitangulia fasiri ya Nyerere kwa zaidi ya miaka 100, na kwa miaka hiyo yote ulikuwa bora kuliko kukosa. Waswahili husema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kitabu kizima kilichoko London hakimsaidii msomaji wa Nyasa. Mwenye kudai kwamba vitabu visifupishwe kabisa anamwonea yule yule mwanafunzi wa mbali anayejidai kumtetea.

Kwa hiyo uhakiki wa ufupisho hauna budi kuwa na kanuni, wala usiwe wa kupenda au kuchukia. Ya kwanza ni kwamba ufupisho ujitaje. Kitabu kiseme kimefupishwa, kiseme na nani, na kiseme ni nini kilichoachwa; mistari michache katika utangulizi yatosha. Jina la Mary Lamb lililoachwa na masanduku yaliyoachwa ni makosa ya aina moja katika jambo hili, kwa kuwa yote mawili yanamfanya msomaji asijue asichokijua. Kanuni ya pili ni kwamba ukubwa wa kinachoondoka usipimwe kwa maneno, bali kwa kazi yake. Kisa kizima chaweza kutolewa bila dhuluma, na aya moja yaweza kubeba haki ya mtu. Ya tatu ni kwamba mfupishaji asiondoe kile kinachompinga. Kama hotuba moja inaivuruga picha anayoitaka, hiyo ndiyo hotuba ya kwanza kuhifadhiwa.

Katika istilahi pia Kiswahili hakina haja ya kuiga utata wa Kiingereza. Ngeli zake zimekwisha kufanya kazi ambayo Kiingereza kilihitaji kukopa mara mbili ili kuifanya: “kifupisho” ni kitu, kama herufi za UMCA au za UKIMWI, na “ufupisho” ni tendo na matokeo yake, kama hadithi ya Lear. “Muhtasari” ubaki kwa kiini cha maelezo, usioujali mtindo wa mwandishi wa kwanza. Na pale ambapo “abridge” linahusu haki za raia, mfasiri aseme kupunguza au kubana, asiseme kufupisha. Dola yoyote itakayobana uhuru ingependa sana kusema kwamba inaufupisha tu, na lugha isiipe udhuru huo.

Limebaki lile kosa la sikio, la kusikia daraja ndani ya “abridge”. Mwanaisimu hana budi kulikataa, kwa kuwa historia ya neno hailikubali. Lakini mwalimu wa fasihi asilicheke. Ufupisho unaofaa huunganisha kingo mbili, na aliyeko huku hujua kwamba iko ng’ambo na kwamba njia ya kwenda ipo. Mwalimu wa mwambao wa Nyasa anapowapa wanafunzi habari ya kufupisha, huhesabu maneno, kama mtihani unavyotaka. Afadhali aongeze zoezi moja ambalo mtihani hauliulizi. Kila mwanafunzi akishamaliza, ampe ufupisho wake mwenzake ambaye hakusoma habari ya kwanza, kisha mwenzake aisome habari nzima na aseme kama amedanganywa.